Mate ya Bi Kauka

Hebu mwone anavyofika. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye geti la nyuma la hospitali, lile linalopitisha magari ya taka na watu waliofiwa. Mwanamke mfupi, mabega mapana kama ya mbeba mizigo, anampita mlinzi bila kupunguza mwendo. Mabuti ya mpira yako mkononi, ndala ziko miguuni, kitambaa cha kichwani amekifunga fundo la mbele. "Umeamkaje, mwanangu?" anamwambia mlinzi, na kabla hajajibiwa ameshakata kona. Ukitaka kujua anakwenda wapi, fuata harufu ya dawa ya madoa. Mvuke utakupokea kabla hujafika mlangoni.

Huyo ndiye Bi Kauka. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua yeye na ofisi ya mishahara tu. Hili jingine alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia, maana ana mazoea ya kusemesha mashuka. Siku ya mawingu utamkuta uani katikati ya kamba, analipiga shuka kofi dogo la mapenzi: "Kauka basi, mama, usiniaibishe. Wazazi wa wodi ya juu wanakungoja." Na likikauka hulishukuru. Wenzake walicheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakazoea, na ilipofika mwaka wa tatu nao wakaanza kuyasemesha.

Miaka ishirini na miwili alikuwa humo. Wageni wakiletwa kazini, yeye ndiye huwafundisha. Damu ni maji baridi, aliwaambia, ukiitia maji ya moto umeipikia humo humo. Shuka la mgonjwa wa kuungua usilikamue, lisuuze tu. Na fomu, jamani, fomu msinichanganyie.

Fomu zenyewe zilikuwa hivi. Kila gunia la nguo chafu lilishuka na karatasi, na chini ya karatasi kulikuwa na visanduku viwili vya kutia tiki. Cha kwanza kiliandikwa "Vimepokelewa", cha pili "Vimerudishwa". Kwa utaratibu, unatia tiki ya kwanza gunia likifika, na ya pili nguo zikipanda tena wodini zikiwa safi. Lakini wauguzi wa juu hawakutaka karatasi ile ile ipande na kushuka mara mbili, kwa hiyo fomu yenye tiki moja ilirudishwa kwa makelele. Basi chumba cha kufulia kikajipangia utaratibu wake: asubuhi, gunia likiwa bado limefungwa kamba, tiki mbili, saini, tupa kwenye trei. Nguo zitarudi tu, zitakwenda wapi? Baada ya miaka yote hiyo mkono wa Bi Kauka ulikuwa haumwulizi tena mwenyewe. Ukiona visanduku viwili, unatia tiki mbili.

Sasa turudi nyuma miaka sita. Jengo la ghorofa tano lililokuwa likijengwa karibu na soko liliporomoka mchana kweupe, na ndani yake mlikuwa na mafundi kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa fundi plasta, kaka yake mdogo Bi Kauka, yule ambaye yeye Bi Kauka alimbeba mgongoni utotoni. Waliotolewa chini ya zege hawakutambulika kwa sura. Ndugu wakaambiwa waende kwenye hema lililopigwa uwanjani, wakatoe mate, maabara itatafuta nani ni wa nani.

Ndani ya hema kulikuwa na binti mmoja, muuguzi, amevaa glovu, macho mekundu kwa kukesha. Akampitishia Bi Kauka kijiti cha pamba ndani ya shavu, huku na huku, akakifungia kwenye kichupa. Kisha akachukua fomu akamsomea. Alimsomea, tuseme kweli. Alisoma upesi, kwa sauti ya mtu aliyesoma maneno yale yale tangu alfajiri. Lakini nyuma yake kulikuwa na meza, na juu ya meza viatu ndani ya mifuko ya nailoni, kila kimoja na namba yake, na Bi Kauka alikuwa anatafuta kiatu cha kaka yake. Maneno yalimpita: marehemu, maabara, ridhaa, uchunguzi.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa, mwanangu."

Chini ya fomu kulikuwa na visanduku viwili. Kimoja kilisema anakubali mate yake yatumike kumtambua ndugu yake. Cha pili kilisema anakubali yahifadhiwe na kutumika katika uchunguzi mwingine wowote wa kisheria. Tiki, tiki, saini.

"Una mkono mwepesi, mama," binti akasema.

"Mimi na fomu tunajuana."

Siku ya tisa akapewa kaka yake. Akamzika katika kaburi lake mwenyewe, lenye jina lake mwenyewe, wakati kuna familia zilizozika mifuko bila uhakika. Kwa miaka mingi aliwasimulia watu habari ile kwa shukrani. "Mate yangu yaliingia chini ya zege," alisema, "yakamshika mkono mdogo wangu, yakamtoa." Wallahi, aliiombea dua ile maabara.

Halafu ikaja Jumanne moja, wapelelezi wawili, mwanamume na mwanamke, wakasimama kwenye mvuke wakiwa na viatu vya ngozi. Fundi wa mitambo, ambaye wote humwita Boila, akawaelekeza uani. Bi Kauka alikuwa na vibanio mdomoni.

"Mama, una watoto wangapi?" mwanamume akauliza.

Akatoa vibanio. "Mmoja."

"Wa kiume?"

"Wa kiume, ndiyo. Fundi friji, wanamwita Baridi. Kuna friji limewaharibikia? Mwambieni ni mimi niliyewatuma, atawapunguzia."

Mpelelezi mwanamke akatazama chini. Mwenzake akaeleza. Miezi minne nyuma ghala la vifaa vya umeme lilivunjwa. Mwizi aliingilia dirishani, kioo kikamkata, akaacha damu. Mlinzi wa ghala alikutwa amepigwa chuma kichwani, akafa siku ya tatu. Damu ile ilipelekwa maabara. Mwenyewe hakuwemo kwenye orodha yao, ila walimpata mtu anayelingana naye nusu kwa nusu.

"Nusu kwa nusu maana yake nini?"

"Kila mtu amepewa nusu na mama yake, nusu na baba yake. Anayelingana na damu ile kwa namna hiyo ni mzazi wake, au ni mtoto wake. Na aliyelingana nayo ni wewe, mama."

"Mimi sijaingia ghala la mtu!"

"Tunajua. Damu ni ya mwanamume. Basi ni ya mwanao, au ni ya baba yako."

"Baba yangu amelala kaburini mwaka wa kumi na tano sasa," akasema Bi Kauka, upesi, kama anayetetea heshima ya marehemu. Neno lilipokwisha kutoka ndipo alipolisikia. Shuka lilikuwa bado mikononi, likimchuruzikia maji miguuni.

Baridi alikamatwa siku ile ile, friji la mteja likiwa wazi mbele yake. Wakamchukua mate yake mwenyewe, na safari hii hayakuwa nusu.

Siku ya kumtembelea mahabusu walikaa wakitazamana kupitia wavu. Kijana hakumzungusha. "Niliingia, mama. Kwako sitakataa. Nilivunja dirisha, nikakatika, nikapitisha mashine nje. Lakini mlinzi sikumgusa. Mimi nilikuwa nje napakia. Aliyebaki ndani ni mwenzangu."

"Huyo mwenzako yuko wapi?"

"Nimewatajia jina. Wanasema hakuna kinachomwonyesha." Akacheka kicheko kikavu. "Hakutoka damu, mama."

Wakili wao waliyepewa na serikali alikuwa na ofisi juu ya duka la dawa, kiti kimoja cha mgeni, faili zimepanda mpaka dirishani. Mtu wa makamo, mpole, mwenye mafua yasiyoisha. Bi Kauka akamwomba jambo moja tu: mate yake yatolewe kwenye kesi. Ni yake. Aliyatoa kwa ajili ya marehemu, marehemu amezikwa, basi arudishiwe.

"Mama, mate yako hayamshtaki mtu," wakili akasema. "Yaliwaonyesha polisi nyumba. Wakaingia, wakakuta damu ya mwanao inatosha. Ila kama njia waliyopitia ilikuwa haramu, nitaomba jaji afute vyote walivyovikuta mwisho wa njia. Bila hivyo hawana kitu. Hakuna aliyemwona, hakuna alama ya kidole."

"Na njia itakuwaje haramu?"

Wakili akaigeuza nakala ya fomu kumwelekea. Tiki ya pili ilikuwa pale, imekaa sawasawa ndani ya kisanduku chake, nadhifu. "Jaji atauliza jambo moja. Ulijua unachokikubali? Kama hukusomewa, ridhaa hiyo haipo."

"Kwa hiyo nikisema sikusomewa..."

Wakili akavua miwani. "Usiniulize hivyo, mama yangu. Niambie kilichotokea. Nikikufundisha la kusema, kesho mimi si wakili, na keshokutwa mwanao hana wakili."

"Lakini nikisema?"

"Swali hilo sijalisikia." Akapiga chafya, akachukua faili jingine.

Kwanza akajaribu njia yake mwenyewe. Alikwenda maabara, akapanga foleni, akamweleza karani wa dirishani kwamba amekuja kufuta mate. Karani hakucheka. "Inawezekana kabisa, mama. Jaza hii." Safari hii Bi Kauka aliisoma. Aliisoma neno kwa neno, kidole kikitembea, watu nyuma yake wakiguna, mpaka mmoja akamwuliza kama anaisoma au anaihifadhi kwa moyo. Mstari wa mwisho ulisema kufuta hakuhusu kielelezo kilichokwisha kutumika katika shauri. Akarudisha fomu bila kuandika kitu. "Asante, mwanangu," akamwambia karani, akaondoka.

Kazini, Boila alikuwa na jibu lake. "Sema hukusomewa. Kwani nani atakuumbua? Yule binti wa hemani aliwasomea watu mia, atakukumbuka wewe?"

"Niape, kisha niseme hivyo?"

"Ah, kuapa! Si wewe kila mwezi unawaapia wodi ya tatu kwamba shuka limepotelea kwao?"

"Na huwa limepotelea kwao!"

"Mara zote?"

Wakacheka wote wawili, yeye mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikamgeuka kilio, Boila akaondoka akaenda kutazama mitambo isiyohitaji kutazamwa.

Siku ya kusikilizwa pingamizi la wakili kuhusu njia ile, mahakama ilikuwa na madirisha yasiyofunguka na feni moja. Bi Kauka alikaa benchi la pili. Mbele yake alikaa mwanamke aliyevaa gauni la kijivu, na mtoto wa kike wa miaka kama tisa kando yake, anachora. Aliambiwa baadaye kwamba huyo ni mjane wa mlinzi. Hakuhitaji kuambiwa.

Akaitwa, akaapishwa. Wakili wake akasimama.

"Mama, fomu hii ilisomwa mbele yako?"

Alimtazama Baridi. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa upande, jinsi alivyokuwa akisikiliza friji alipotaka kujua ugonjwa wake. Neno moja tu. Lilikuwa limefika mdomoni, limekaa ulimini. Naye hakuwa mtakatifu, nisije nikakudanganya. Alikuwa amekuja na neno hilo kutoka nyumbani. Lakini mbele yake yule mtoto wa kike aliinua macho kutoka kwenye karatasi yake.

"Ilisomwa," Bi Kauka akasema. "Ila mimi sikuwepo."

Jaji akainua kalamu. "Hukuwepo wapi?"

"Nilikuwepo, mheshimiwa. Masikio ndiyo hayakuwepo. Nilikuwa natafuta kiatu cha mdogo wangu."

Wakili akaushika uzi huo huo mwembamba. Akamwuliza mbona basi alitia tiki ya pili. Na Bi Kauka, kwa uaminifu wote, akaieleza mahakama habari za chumba cha kufulia: gunia, wauguzi wa juu, tiki mbili, saini, trei. Watu wakacheka. Hata jaji alitabasamu. Kwa dakika moja ilionekana kama mambo yatakaa sawa.

Mwendesha mashtaka akasimama. Mwanamke kijana, mwenye adabu sana. Alimwita mama kila baada ya maneno matatu.

"Pole sana, mama. Kwa hiyo, kwa miaka ishirini na miwili, umekuwa ukithibitisha kwamba mashuka yamerudishwa, mama, ilhali bado ni machafu ndani ya gunia?"

"Hurudi. Hakuna shuka langu lisilorudi."

"Sikuuliza kama hurudi. Nimeuliza kama ulikuwa unasaini jambo ambalo bado halijatokea."

"Ndiyo."

"Na unajua fika kisanduku cha pili kinasema nini?"

"Najua."

"Na hospitali nzima imekuwa ikiitegemea tiki yako hiyo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Kuna mtu aliyekushika mkono pale hemani, mama?"

"Hakuna."

"Basi mahakama nayo iitegemee, mheshimiwa." Akakaa.

Bi Kauka alibaki kizimbani muda, mpaka karani alipomgusa bega. Alikuwa anatafuta mahali alipokosea katika maneno yake, na hakupata, kwa maana yote yalikuwa ya kweli.

Uamuzi ulitolewa baada ya wiki mbili. Jaji alisoma kwa upole. Alisema mahakama inamwonea huruma mama huyu, na kwamba hema la msiba si mahali pazuri pa kumwomba mtu ridhaa, na kwamba wenye mamlaka wangefanya vyema kulitazama jambo hilo. Bi Kauka alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi, akidhani wanashinda. Kisha likaja neno "hata hivyo". Fomu ilisomwa, saini haibishwi, uzembe wa kusaini haumfungui aliyesaini. Pingamizi limekataliwa. Kesi ya mauaji itaendelea, na kwa sheria yao, waliovunja pamoja hujibu pamoja, hata kama mkono uliopiga ni mmoja.

Nje, kwenye ngazi, mjane wa mlinzi akamfuata, mtoto wake kando. Bi Kauka alisimama kama mtu anayesubiri kofi.

"Dada," mjane akasema, "sina ugomvi na wewe. Faili la mume wangu liliandikwa 'muuaji hajulikani' juu, wakaliweka kabatini. Nilikwenda kila wiki, wakaanza kunikimbia. Mate yako ndiyo yaliyolitoa." Akamshika mkono. "Nilitaka nikushukuru, kisha nikaona si neno la kukwambia wewe. Sasa nimeshalisema."

Angejibu nini? Karibu? Bi Kauka alimpangusa tu yule mtoto wino shavuni kwa kidole, wakaachana.

Gari la mahabusu lilikuwa linapakia upande wa pili. Baridi alimwona. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuomba apitishiwe chumvi: "Neno moja tu, mama. Ulishindwa?" Mlango ukafungwa.

Hospitalini kulikuwa na barua inamsubiri. Kilichosemwa mahakamani kilikuwa kimefika, na uongozi ulimtaka ajieleze kwa maandishi kuhusu "uthibitisho usio sahihi wa nyaraka". Boila alimsaidia kuandika. Alipewa onyo, na chumba kizima kikaamriwa kutia tiki moja moja. Sasa fomu zinapanda na kushuka mara mbili, wauguzi wa juu wanapiga makelele, na Bi Kauka huzisoma zote, mpaka namba ndogo ya mtambo wa uchapaji iliyo pembeni. Mashuka hayasemeshi tena. Wageni wapya huuliza kwa nini anaitwa hivyo, wakaambiwa ni habari ndefu.

Alhamisi hupeleka sabuni na mswaki mahabusu. Wiki tatu za kwanza Baridi hakutoka kuonana naye. Ya nne akatoka, akapokea, akauliza kama friji la yule mteja lilipata fundi. Wakaongea habari za friji nusu saa nzima, na wote wawili walishukuru kuwa friji lipo.

Mara ya mwisho alipopanda ngazi za duka la dawa, wakili alikuwa anaandaa hoja za rufaa dhidi ya uamuzi ule wa pingamizi, na hakuwa na nyingi. Alimwomba amwambie chochote alichokisahau, kidogo namna gani.

Bi Kauka alifikiri. "Yule polisi alisema mtoto ana nusu yangu."

"Ndiyo, mama."

"Siku ya hema Baridi alikuwa shule, ana miaka kumi na saba. Tiki ni yangu, sibishi. Shavu ni langu. Lakini ile nusu yake iliyokuwa humo, nani alimwuliza?"

Wakili aliacha kuandika. Akatafuta kitabu, akakifungua, akakifunga. Alisema hilo sheria yao haijawahi kuulizwa, na kwamba atalitia kwenye rufaa, ila hamwahidi kitu. Akamfungulia mlango mwenyewe, jambo asilowahi kulifanya.

Rufaa bado haijasikilizwa, na swali limelala humo ndani ya faili. Basi ndugu yangu uliyekaa nami mpaka hapa, hebu nisaidie: mama akitoa mate yake, anatoa ya nani?